Nani Aliziba Ufa? Historia ya Kutengeneza Nyumba za Mji Mkongwe

Kiswahili kina tabia moja ambayo humsumbua mfasiri. Seremala anayechonga kitanda kipya, twasema anatengeneza kitanda. Jirani yake anayekitia mguu kitanda cha zamani kilichovunjika, naye pia twasema anatengeneza kitanda. Lugha nyingine huyatenga matendo hayo mawili kwa maneno mawili. Yetu imeyaweka chini ya kitenzi kimoja na kumwachia msikilizaji aelewe mwenyewe. Siku hizi yako maneno ya ofisini, ukarabati na uhifadhi, ambayo huandikwa katika mabango ya miradi. Lakini mtu wa kawaida wa Unguja, anapopanda ngazi na karai lake la udongo, hujiambii kuwa anakarabati wala anahifadhi. Anatengeneza nyumba.

Nadai katika makala haya kwamba tabia hiyo si umaskini wa msamiati. Inalingana barabara na namna watu wa pwani walivyojenga. Nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe haikuwa kitu kinachojengwa kikaisha, kisha kikaachwa mpaka kichakae. Ilijengwa kwa vitu laini, na kwa sababu hiyo ilihitaji mkono wa mtu kila mwaka. Basi historia ya mji huu haitoshi kuandikwa kwa kutaja masultani na tarehe za majumba yao. Yafaa tuulize pia: baada ya jumba kujengwa, ni nani aliyekuwa akiziba ufa? Jibu la swali hilo limebadilika mara kadhaa katika muda wa karibu miaka mia mbili, na kila lilipobadilika, kuta zenyewe zilionyesha.

Vitu vya nyumba

Tuanze na vitu vyenyewe, maana bila ya kuvijua hatutaelewa kilichotokea. Jiwe la Mji Mkongwe ni tumbawe, lililochimbwa katika ardhi ya kisiwa. Ni jiwe lenye matundu, lisilokubali kuchongwa kwa urahisi likawa na pande zilizonyooka. Kwa hiyo mwashi hulipanga kwa vipande visivyolingana, na baina yake hutia udongo uliochanganywa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Ukuta wa namna hiyo nguvu yake iko katika unene, na aghalabu huwa nusu mita au zaidi.

Chokaa nayo hutokana na jiwe lile lile. Vipande vya tumbawe hupangwa juu ya rundo kubwa la magogo na kutiwa moto. Joto likifika kiasi cha nyuzi 900, jiwe huiachia hewa ya ukaa iliyokuwa imefungika ndani yake. Linalobaki ni jiwe jeupe, jepesi, lenye kiu. Ukilimwagia maji huchemka, hupasuka na kuwa unga. Unga huo ukitiwa maji mengi ukalazwa shimoni kwa wiki na miezi, hulainika kama samli iliyoganda. Ukishapakwa ukutani huanza kuivuta kutoka hewani ile hewa ya ukaa uliyoipoteza motoni, na kidogo kidogo hurudi kuwa jiwe. Marejeo hayo ni ya polepole mno. Ndiyo maana ukuta wa chokaa huweza kujongea kidogo bila ya kuvunjika, na ufa mwembamba huweza hata kujiziba wenyewe, chokaa inapoyeyuka kwa maji ya mvua na kuganda tena ndani ya ufa.

Juu ya kuta hulala boriti. Wafanyabiashara wa miti ya mikoko waliipa majina kwa unene wake, kutoka fito na pau hadi mazio na boriti, na mwashi alijua kila moja inakaa wapi. Boriti ya kawaida haivuki zaidi ya kiasi cha mita tatu baina ya ukuta na ukuta. Kwa hiyo vyumba vya nyumba za zamani ni virefu na vyembamba, katika jumba la tajiri na katika nyumba ya mtu wa kadiri. Vipimo hivyo vilivuka bahari. Majahazi yaliyorudi Ghuba na Arabuni, nchi zenye upungufu wa miti, yalibeba boriti kutoka Lamu na Rufiji, na nyumba za kale za huko nazo zina vyumba vyembamba kwa sababu hiyo hiyo.

Juu ya boriti hupangwa vipande vya mawe, na juu ya mawe humwagwa chokaa na kokoto, kisha vikapondwa kwa vipande vya mti siku baada ya siku mpaka vikashikana. Hiyo ndiyo sakafu, na katika nyumba nyingi za mwanzo sakafu ya juu kabisa ndiyo iliyokuwa paa.

Kila kimoja katika vitu hivi kina adui yake. Chokaa huliwa na mvua. Boriti huliwa na mchwa, na huoza pale kichwa chake kinapoingia katika ukuta wenye maji. Ukuta nao hunyonya unyevu na chumvi kutoka ardhini. Ndege huacha mbegu ya mtini katika ufa, na mzizi wake hufungua ukuta kama kabari. Hakuna hata adui mmoja kati ya hawa anayeshindwa mara moja kwa daima. Wote huzuiwa kwa kazi ndogo ndogo isiyokwisha, na kazi hiyo lazima awepo wa kuifanya.

Mikono ya kwanza

Mji wa mawe ulikua kwa haraka katika karne ya 19, hasa baada ya Seyyid Said kuhamishia makao yake Unguja kutoka Maskati. Karafuu, pembe za ndovu na biashara ya watu vilileta fedha, na fedha ikageuka kuta. Waarabu walijenga majumba yaliyoangalia ndani, yenye uwanja katikati. Wafanyabiashara wa Kihindi walijenga nyumba zenye duka mbele na makaazi nyuma na juu. Hayo yameandikwa mara nyingi. Yanayoandikwa kwa nadra ni habari za mikono.

Katika miaka hiyo sehemu kubwa ya kazi ngumu ilifanywa na watumwa: kuchimba mawe, kukata magogo ya tanuu, kubeba maji, kuponda sakafu. Kuponda sakafu kulikwenda kwa nyimbo, safu ya watu ikipiga pamoja kwa mwendo mmoja. Ni rahisi leo kuzikumbuka nyimbo hizo kama burudani ya zamani njema. Lakini wengi walioziimba hawakuwa na hiari ya kuimba wala ya kunyamaza. Mwenye nyumba aliyeona paa lake linavuja hakuhesabu ujira, aliamrisha. Nyumba iliyohitaji mkono kila mwaka ilikuwa haina gharama kwa mtu ambaye mikono yenyewe aliimiliki.

Tukilitazama jambo hilo, tutaielewa vizuri zaidi habari ya mabati. Mwaka 1897 uhalali wa utumwa uliondolewa Zanzibar. Katika miongo ya mwisho wa karne hiyo na ya mwanzo wa karne ya 20, mapaa ya sakafu yalianza kufunikwa kwa mabati yaliyoinama, mpaka leo ambapo paa bapa la asili limekuwa kitu cha nadra. Sababu moja iko wazi: kisiwa hiki hupata mvua ya takriban milimita 1,600 kwa mwaka, na paa bapa linalofaa Arabuni hapa lina kazi kubwa mno. Lakini mvua ilikuwa hiyo hiyo tangu zamani. Haielekei kuwa ni sadfa kwamba watu walichoka na sakafu katika kipindi kile kile ambacho mpondaji wa sakafu alianza kuwa mtu wa kulipwa.

Kwa hiyo anayesema kwamba zamani watu walizipenda nyumba zao kuliko sisi, na aulizwe ni watu gani hao. Ustadi ulikuwapo, na ulikuwa mkubwa. Lakini sehemu yake nzuri ilikaa katika mikono ya watu ambao nyumba hazikuwa zao.

Wakfu na kalenda

Mkono wa pili ulikuwa wa wakfu. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ziliwekwa wakfu, kwa ajili ya msikiti, au kwa ajili ya jamaa na maskini, na kodi yake ikatumika kama mwekaji alivyotaka. Ipo kanuni moja ya fiqhi ambayo wengi wetu tumeisahau: mapato ya wakfu kwanza huenda katika kuutengeneza wakfu wenyewe, ndipo kinachobaki kikagawiwa wanaostahiki. Ukuta hula kabla ya imamu. Mwenye kuusimamia wakfu akigawa kodi yote na kuacha nyumba iporomoke, amekula amana.

Kanuni hiyo iliifanya kazi ya kuziba ufa kuwa wajibu wenye mahala pake katika hesabu. Haikungoja mtu apate fedha za ziada. Katika wakati wa Waingereza usimamizi wa wakfu uliingizwa katika kamisheni ya serikali, na nyumba zikawa namba katika majalada. Hata hivyo wazo la kuwa kodi ni kwanza kwa ajili ya ukuta lilibaki katika vichwa vya watu wa mji.

Pamoja na wakfu kulikuwa na kalenda. Waislamu walipaka nyumba chokaa kabla ya Idi. Wahindu walisafisha na kupaka zao kabla ya Diwali. Mtu angeweza kudhani kwamba ni mapambo tu ya sikukuu. Kumbe koti hilo jembamba la chokaa ndilo lililokuwa likifidia kile ambacho mvua za masika na vuli zilikuwa zimekiondoa, na likiziba nyufa zikiwa bado nyembamba kama unywele. Kazi hiyo haikutaka mwashi. Ilitaka ndoo, ufagio wa kupakia na watu wa nyumbani, watoto wakiwamo. Hapo mkaazi mwenyewe alikuwa ndiye fundi wa kwanza wa nyumba yake, na mwashi aliitwa kwa makubwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tumeambiwa sote utotoni, na tumezoea kuyachukua maneno hayo kama mawaidha ya tabia. Katika mji wa chokaa yalikuwa pia maelekezo ya kazi.

Waliohamia mwaka 1964

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wengi wa wenye nyumba waliondoka au waliondolewa, na majumba mengi yakawa mali ya serikali. Familia kutoka Ng'ambo, mashamba na Pemba ziliingia. Jumba lililokuwa la jamaa mmoja na watumishi wake likawa la jamaa sita au kumi, kila mmoja na chumba chake na jiko lake.

Imezoeleka kusemwa, hasa na wanaopenda mji huu kwa picha zake, kwamba watu hao waliziharibu nyumba kwa kuwa hawakuzijua. Kauli hiyo haina uadilifu. Wengi wao walikuwa wametoka katika nyumba za udongo, na mtu wa nyumba ya udongo anajua kutengeneza kuliko mtu yeyote. Kila mara hukandika palipobomoka, hubadilisha fito zilizoliwa, husuka makuti mapya ya paa. Nyumba ya udongo isipotengenezwa miaka miwili mitatu huwa si nyumba tena. Watu hawa hawakuja mikono mitupu. Walikuja na ustadi wa nyumba ya aina nyingine.

Kilichokosekana kilikuwa mambo mawili. La kwanza ni mlolongo wa mafunzo. Waashi waliozijua kuta hizo, na wenye nyumba waliojua wamwite nani na lini, wengi walitawanyika Dar es Salaam, Mombasa, Oman na Uingereza. La pili ni haki. Mpangaji wa chumba kimoja hana hakika kwamba mwakani atakuwamo; paa linalovuja ni la wote, kwa hiyo si la mtu. Mwenye nyumba, ambaye sasa ni serikali, alikuwa na kazi nyingine kubwa: shule, hospitali, na majumba mapya ya Kikwajuni na Michenzani yaliyojengwa Ng'ambo kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Majumba hayo yaliwapa watu wengi choo, maji na umeme kwa mara ya kwanza, wala si haki kuyabeza. Lakini fedha na mafundi vilikwenda huko, na Mji Mkongwe ukaachwa ujitengeneze wenyewe.

Ukajitengeneza. Hapa ndipo inapoanza historia ya mkaazi fundi kama tumjuavyo leo: mtu anayetengeneza kwa kinachopatikana, Jumapili, kwa msaada wa shemeji yake. Aligawa ukumbi kwa ubao. Aliingiza bomba la maji ghorofani, katika ukuta ambao haukujengwa kwa bomba. Alijenga choo juu ya boriti. Na palipobomoka plasta alipaka saruji.

Mfuko wa saruji

Neno saruji ni la kale kuliko mfuko wake. Uajemi na Oman ni jina la udongo wa kujengea uliotayarishwa kwa moto, ambao ulitumika katika mabirika na mifereji ya maji karne nyingi kabla ya viwanda. Sisi tumelichukua jina hilo la zamani tukakivika kitu kipya. Huenda hilo nalo limesaidia kutuhadaa, tukadhani kwamba saruji ya mfukoni ni ndugu mkubwa wa chokaa, mwenye nguvu zaidi na wa kufanya kazi ile ile.

Saruji ya kisasa ilipewa hataza Uingereza mwaka 1824. Kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilianza kuitoa mwaka 1966, miaka miwili tu baada ya Mapinduzi yetu. Kila pakitokea uwezekano wa kununua, saruji ndiyo iliyokuwa dukani. Ilikuwa haitaki shimo, haitaki kungoja miezi, na kesho yake ilikuwa ngumu kama chuma. Kwa mtu mwenye siku moja ya mapumziko, hapakuwa na shindano.

Tatizo ni kwamba ukuta wa tumbawe hauna haja ya kufungwa. Unyevu unaopanda kutoka ardhini ulikuwa ukitoka nje kupitia chokaa, ukikauka kwa upepo. Saruji huuzuia. Maji yasipopata njia hapo chini, hupanda juu zaidi kuitafuta, na ukuta uliokuwa na unyevu mpaka magotini ukawa nao mpaka kifuani. Chumvi iliyomo katika maji hayo huganda kuwa fuwele nyuma ya plasta, na fuwele zikikua huisukuma. Baada ya miaka michache plasta ya saruji hudondoka kwa mapande, nayo huondoka na uso wa jiwe iliolishika, kwa kuwa ni ngumu kuliko jiwe lenyewe. Mkaazi hulaumu saruji kidogo aliyotia, na mara ya pili huongeza. Nyuma ya ukuta, mahala pasipoonekana, vichwa vya boriti vinaoza. Kisha siku moja ya masika dari hushuka.

Si wajinga waliofanya hivyo peke yao. Wahandisi wenye vyeti nao walitia nondo na zege katika kuta za chokaa, na chuma kikashika kutu kwa chumvi, kikavimba, kikapasua kilichotiwa kukishikilia. Mwenye mwiko mkononi na mwenye ramani mezani walikuwa wameagana na chokaa kwa pamoja.

Wakati wa mamlaka na mipango

Mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mwaka 1994 ikapatikana sheria, pamoja na mpango wa mji ulioandaliwa kwa ushirikiano na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, baada ya majengo yapatayo 1,700 kukaguliwa moja moja na mengi kukutwa katika hali mbaya. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia. Jumba la dawa la zamani la Barabara ya Mizingani, lenye roshani zake za mbao, lilifufuliwa katika miaka ya 1990, na vijana wa hapa walipata kujifunza tena kazi ya chokaa na ya mbao. Huo ulikuwa mwanzo mwema, na kuna waashi wanaotembea mjini leo ambao ustadi wao una asili huko.

Katika miaka hiyo hiyo serikali ilianza kuuza nyumba. Nyingi zilizonunuliwa na wenye fedha zimekuwa hoteli. Baadhi zimetengenezwa vizuri, nyingine zimetiwa zege na kufunikwa uso wa kizamani. Hivyo tuna sasa mkono mwingine wa kuziba ufa, mkono wa mgeni anayelala kwa usiku. Fedha yake ni ya kweli na imeziokoa kuta nyingi. Lakini janga la korona la mwaka 2020 lilipofunga viwanja vya ndege, tuliona jinsi mkono huo unavyoweza kuondolewa kwa siku moja.

Mwaka huo huo tulipata msiba mwingine. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883 kwa nguzo za chuma na roshani pana, lilikuwa limenusurika mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896. Mizinga haikuliangusha. Sehemu yake moja iliporomoka mwaka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea, upande wa mbele pamoja na mnara wa saa ulianguka. Watu wawili waliokuwa kazini walikufa. Jumba hilo liliandikwa katika vitabu vyote, lilipigwa picha na kila mgeni, lilikuwa katika orodha ya urithi wa dunia kwa miaka 20. Yote hayo si badala ya kuziba ufa kwa wakati wake. Na ikiwa hayo yamelifika jumba lililokuwa mbele ya macho ya dunia, sembuse nyumba ya jamaa wanane katika uchochoro wa Kajificheni au Mkunazini, ambayo ikianguka haitajwi hata siku mbili.

Kazi ya mkaazi

Mimi naishi katika nyumba ya namna hiyo, upande wa Malindi, na kwa miaka kadhaa sasa tunaitengeneza chumba baada ya chumba, pamoja na watoto wa nyumbani na mwashi mmoja mzee ambaye huja kututazama zaidi kuliko kufanya. Nayaandika tuliyoyafanya kwa kuwa yanaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye subira.

Kwanza ni maji. Kabla ya kugusa ukuta, tulipanda juu tukatazama bati, mfereji na bomba. Ukuta unaoloweshwa kutoka juu hautibiki kutoka pembeni. Pili, tuliing'oa saruji kwa patasi na nyundo ndogo, kidogo kidogo, kutoka chini kwenda juu, tukauacha ukuta uchi kwa msimu mzima wa kaskazi. Mgeni aliyeingia alidhani tumebomolewa. Ukuta ulitoa chumvi nyeupe kama unga, tukaipangusa kwa brashi kavu kila wiki. Tatu, tulijaza mashimo kwa vipande vya mawe na chokaa iliyolala shimoni tangu masika, kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga. Nao uwe mchanga wa shimo, usiwe wa pwani wenye chumvi yake. Nne, plasta ilipakwa kwa matabaka membamba, kila tabaka likingojwa, likifunikwa kwa magunia mabichi lisikaushwe na jua. Tano, tulipaka chokaa nyepesi, na mwaka uliofuata tukapaka tena.

Boriti ni habari nyingine, wala sipendekezi mkaazi aiguse peke yake. Mzigo wa juu lazima ushikiliwe kwa mihimili kabla ya boriti moja kutolewa, na anayejua mzigo unakokwenda ni mwashi.

Hesabu yetu ilionyesha kwamba chokaa yenyewe si ghali. Kilicho ghali ni muda, na ugumu wa kuipata. Saruji inauzwa kila kona. Chokaa iliyolala vizuri lazima uitafute mashamba, au uichimbie shimo mwenyewe katika mji usio na viwanja.

Linalowezekana

Historia hii inanifikisha mahala pamoja. Nyumba za Mji Mkongwe hazifi kwa uzee. Hufa pale haki ya kukaa inapotengwa na wajibu wa kutengeneza, na pale wajibu unapotengwa na ujuzi. Wakati wa utumwa ujuzi ulikuwa kwa mmoja na nyumba kwa mwingine. Baada ya 1964 nyumba ilikuwa kwa mmoja, mkaazi mwingine, na ujuzi umeondoka. Wakati wa hoteli tumekaribia kuikabidhi kazi yote kwa mkandarasi na mgeni wake. Yako maeneo mafupi tu katika historia yetu, kama yale ya wakfu uliosimamiwa vizuri na ya koti la chokaa la kabla ya sikukuu, ambapo mambo matatu hayo yalikutana chini ya paa moja.

Kuyakutanisha tena hakuhitaji mkutano wa kimataifa. Kila mtaa unaweza kuwa na shimo moja la chokaa, linalotunzwa na kamati ya mtaa, ambapo mkaazi ananunua ndoo moja kama anavyonunua mafuta ya taa. Vijana wa vyuo vya ufundi wanaofundishwa tofali na zege wafundishwe pia tumbawe na chokaa, na wazee waliobaki ndio wawe walimu wao, wakilipwa kama walimu. Kibali cha kupaka ukuta wa ndani kwa chokaa kisimchukue mtu muda sawa na kibali cha kujenga hoteli. Na nyumba za serikali na za wakfu zinazolipiwa kodi zirudi katika kanuni ile ya fiqhi: sehemu ya kwanza ya kodi iende ukutani, hata ikiwa ndogo, na wapangaji waonyeshwe hesabu yake.

Masika huanza Machi. Nyumba nyingi zilizoanguka katika mji huu zilianguka katika miezi mitatu inayofuata. Mwenye kukaa ndani ya kuta hizi na apande ngazi mwezi wa Februari, kukiwa bado kukavu, atazame mfereji wa paa lake na pembe za dari, na akiona mti mdogo umeota katika ufa, aung'oe wakati mzizi wake bado unaweza kutoka kwa mkono.